Masijala ya rais

Mwanangu aliponiambia kwamba Jumatano atanipeleka kwenye maktaba ya rais, yeye alikuwa anawaza bustani na mabwawa ya samaki. Mimi nilikuwa nawaza majalada. Nimekaa masijala miaka 39, nikianza kwa kufungua barua na kugonga muhuri wa tarehe, nikamaliza nikiwa nashika funguo za masijala ya wazi na ya siri katika halmashauri moja huko nyumbani Tanzania. Nilistaafu 2019. Mtu wa kazi hii hata akienda hospitali kutibiwa, jicho lake linatangulia kwenye kabati la mafaili.

Nipo Georgia tangu Machi, nimekuja kumlea mjukuu. Maktaba niliyopelekwa ni ya Jimmy Carter, rais wa 39 wa Marekani, aliyefariki Desemba 29, 2024 akiwa na miaka 100. Iko Atlanta, juu ya kilima kinachoitwa Copenhill. Mwanangu alishawahi kufika pale, Januari ile ya msiba, jeneza lilipowekwa siku kadhaa ili wananchi wapite kuaga usiku na mchana. Alipanga foleni baada ya zamu ya usiku, kwenye baridi, akapita mbele ya jeneza kwa muda usiozidi dakika moja. Nilimuuliza kwenye simu wakati ule, "Sasa baba, huyo ulikuwa unamjua?" Akasema, "Mama, alikuwa anafundisha watu Biblia kijijini kwao mpaka uzeeni, na alikuwa rais." Sikumjibu, lakini nililiweka moyoni.

Neno maktaba linapotosha. Si mahali pa kuazima vitabu. Ni masijala ya rais mmoja, na makumbusho yamejengwa pamoja nayo. Utaratibu huu ulianzishwa na Franklin Roosevelt, aliyejenga maktaba yake kwao Hyde Park, ikafunguliwa 1941, akaikabidhi kwa serikali. Kabla ya hapo rais akitoka madarakani aliondoka na karatasi zake kama anavyoondoka na nguo zake. Nyingine zilichomwa, nyingine zilitawanyika kwa warithi. Mpaka wakati wa Carter bado karatasi za rais zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi. Mwaka 1978 Carter mwenyewe akasaini sheria kwamba sasa zitakuwa mali ya umma, kuanzia Januari 20, 1981. Tarehe hiyo ndiyo aliyotoka Ikulu. Kwa hiyo sheria ilimbana aliyemfuata, yeye haikumbana. Angeweza kupakia kila kitu akarudi nacho Plains, kijijini kwao, kwenye shamba lake la karanga. Hakufanya hivyo. Alizitoa kwa taifa lake, na leo zipo kurasa zipatazo milioni 27, na mtu yeyote, hata bibi aliyezaliwa Mahenge, anaruhusiwa kuomba boksi aletewe mezani.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa kiasi hiki. Baba yangu alikuwa nyapara wa barabara. Alifariki 1971, mimi nikiwa na miaka 12. Mama alifuatilia mafao yake miaka sita, kwenye ofisi iliyokuwa mbali na kwetu, akitembea siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Kila akifika jibu lilikuwa moja: jalada halionekani, rudi mwezi ujao. Siku ya mwisho karani alimwambia kwamba kama jalada halipo, basi mtu huyo hakuwahi kuajiriwa. Mama alikuwa amesimama mbele yake amevaa pete ya mtu huyo. Mafao hayakulipwa mpaka mama naye anaingia kaburini. Nilipopangiwa ukarani wa masijala wenzangu walinihurumia, maana kazi yenyewe ni vumbi na kikohozi. Mimi niliipokea kwa mikono miwili.

Basi, Jumatano hiyo tuliingia. Kuna ofisi ya rais iliyojengwa upya kwa ukubwa wake halisi, ile yenye umbo la yai, na zawadi kutoka kwa wakuu wa nchi, na vitu vya kampeni ya 1976. Hayo niliyapita haraka. Nilisimama kwenye sehemu ya Camp David, kambi ya mapumziko ya marais, mpaka mjukuu akaanza kulia njaa.

Septemba 1978 Carter aliwafungia Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israel kwenye nyumba za mapumziko milimani Maryland, siku 13. Walipofika siku ya mwisho mambo yalikuwa yameharibika na Begin alikuwa anajiandaa kuondoka. Alikuwa ameomba picha za wakuu hao watatu zilizosainiwa, awapelekee wajukuu zake. Karani wa Carter akatafuta majina ya wajukuu. Carter akaandika jina la kila mtoto kwenye picha yake, akazipeleka mwenyewe kwenye chumba cha Begin. Begin akawa anasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, midomo ikaanza kumtetemeka. Wakakaa wakazungumza juu ya wajukuu na juu ya vita. Siku hiyo hiyo makubaliano yakasainiwa, na Machi 1979 ukafuata mkataba wa amani kati ya Misri na Israel, ambao mpaka leo haujavunjwa. Wapalestina walibaki bila nchi, na hilo ni kovu la mkataba ule, siwezi kulipita. Lakini nilichobaki nacho mimi ni yule karani aliyetafuta majina. Angeweza kuleta picha zisizo na majina. Mtu mwingine angesema picha ni picha.

Halafu unakuja upande wa Iran. Novemba 4, 1979 ubalozi wa Marekani Tehran ulivamiwa, na watu 52 wakashikiliwa siku 444. Aprili 1980 Carter alituma makomando kwa ndege na helikopta kwenda kuwaokoa. Mambo yakaharibika jangwani, wanajeshi wanane wakafa. Mateka waliachiwa Januari 20, 1981, dakika chache baada ya Ronald Reagan kuapishwa. Katika uchaguzi Carter alikuwa ameambulia majimbo sita tu kati ya 50, na mji mkuu. Nilifurahi kuona kwamba habari hii haikufichwa kwenye kona. Ila nitasema pia ninachokiona mimi: chanzo kilianza mapema. Mkesha wa mwaka mpya wa 1978 Carter alikuwa Tehran, akainua glasi na kuiita Iran ya Shah, mfalme wake, kisiwa cha utulivu, wakati magereza ya Shah yamejaa. Rais aliyehubiri haki za binadamu kuliko wote waliomtangulia alikuwa mezani na mtu yule. Ukitaka kumpima Carter, weka glasi ile upande mmoja wa mizani na picha za wale wajukuu upande wa pili, uache mkono wako mbali.

Tukatoka nje. Viwanja hivyo maktaba inachangia na Kituo cha Carter, shirika aliloanzisha na mkewe Rosalynn mwaka 1982, baada ya kushindwa. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu za miguu. Kuna sanamu ya shaba: mzee kipofu ameshika ncha moja ya fimbo, mtoto ameshika ncha nyingine, anamwongoza.

Sisi wa Mahenge hatuhitaji kuandikiwa maelezo chini ya sanamu ile. Ni usubi. Nzi mdogo mweusi wa kwenye mito yenye maji ya kasi anakuuma, anakuachia vijidudu, ngozi inawasha mpaka unajikuna kwa kigae, na miaka ikipita macho yanazima. Nilipokuwa mdogo nilimwona babu wa jirani akipelekwa kilabuni kwa fimbo namna ile ile, na mtoto aliyekuwa mbele alikuwa wa darasa langu. Ndiyo maana hakumaliza shule. Watoto wengi wa kwetu waliacha shule kwa ajili ya fimbo, na hakuna aliyeandika majina yao.

Dawa ilipatikana. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa vidonge vya usubi bure kwa muda wote vitakapohitajika, na Kituo cha Carter kikawa miongoni mwa waliovibeba hadi vijijini, Uganda ikiwemo. Kwetu vilikuja kwa mikono ya wengine, lakini vidonge ni vile vile. Nakumbuka mgawaji wa kijiji akiwa na mti wa kupimia urefu: unasimama, anaangalia kimo chako kimefika alama gani, anakuhesabia vidonge, anaandika kwenye rejista yake. Hakuhitaji mizani. Mama yangu alivimeza akiwa bado anaona, na akafa anaona.

Na kuna mnyoo wa Guinea. Mtu anakunywa maji ya bwawa yenye vijidudu, baada ya mwaka mnyoo mrefu unatokeza mguuni taratibu, na maumivu yake hayasemeki. Hakuna chanjo wala dawa. Carter alipoanza kazi hiyo mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni tatu na nusu kwa mwaka, barani Afrika na Asia. Mwaka 2024 waliopatikana dunia nzima hawakufika 20. Kenya ilipewa cheti cha kuwa huru na ugonjwa huo 2018, Congo ya Kinshasa Desemba 2022. Namna yenyewe ilikuwa kitambaa cha kuchujia maji, kumzuia mgonjwa asiingie bwawani mguu ukiwa wazi, na mtu wa kijiji mwenye daftari anayejua kila nyumba na kila mgonjwa. Alipoambiwa ana saratani, mwaka 2015, Carter alisema anataka mnyoo wa mwisho ufe kabla yake. Haikuwa hivyo, ila alikaribia sana. Wamarekani wengi niliowasikia wanasema alikuwa rais dhaifu na mstaafu bora. Mimi huyo rais na huyo mstaafu nawaona mtu mmoja, mtu wa kuhesabu mmoja mmoja. Pale Ikulu tabia hiyo ilimchelewesha mara nyingi, walisema anasoma kila karatasi. Mabwawani ndiyo tabia iliyotakiwa.

Jumanne iliyofuata nilirudi, safari hii chumba cha kusomea. Mwanangu alikuwa ameniandikia barua pepe ya kuomba nafasi. Nilijaza fomu, nikaonyesha pasi ya kusafiria, nikapewa kadi ya msomaji. Mkoba unaachwa kwenye kabati la kufunga. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Boksi moja mezani, jalada moja nje kwa wakati mmoja, na pale ulipotoa jalada unachomeka kadi ndefu ili mahali pake pasipotee. Kijana mhifadhi alianza kunifundisha kuchomeka kadi, akaona mkono wangu umeshaichukua. Akaniuliza nimewahi kufanya kazi hii? Nikamwambia miaka 39. Akavuta kiti, akakaa, tukaongea juu ya unyevu na mchwa kama watu waliotoka kijiji kimoja.

Niliomba Agosti 1977. Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo, shule ya bweni, na tulisikia kwa redio ya mwalimu wa zamu kwamba Mwalimu Nyerere yuko Marekani, amepokewa kwa heshima na rais mpya. Sasa nikaletewa shajara ya kila siku ya Carter. Hii si shajara ya kuandika hisia. Ni karatasi za kupigwa chapa, safu ya saa na dakika upande wa kushoto, na upande wa pili nani kaingia, nani kapigiwa simu, nani kakaa mezani. Agosti 4, 1977, Mwalimu anapokewa uwanjani Ikulu. Wanakwenda kwenye mazungumzo. Jioni chakula cha taifa, na orodha ya wageni imeambatishwa, jina kwa jina. Nilisoma orodha nzima kwa kidole.

Walizungumza juu ya Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, Namibia na Afrika Kusini. Mwalimu alikuwa kiongozi wa nchi za mstari wa mbele, na Carter alikuwa amemweka Andrew Young, mtu mweusi wa hapa Georgia aliyetembea na Martin Luther King, kuwa balozi wake Umoja wa Mataifa. Miaka miwili baadaye Ian Smith, waziri mkuu mzungu wa Rhodesia, aliposhirikiana na Askofu Muzorewa na kufanya uchaguzi wa kuwaacha nje wapigania uhuru, wanasiasa wengi wa Washington walitaka vikwazo viondolewe. Juni 1979 Carter alikataa. Aprili 1980 Zimbabwe ikapata uhuru. Wengi wetu tuliomkumbuka kwa karanga na Iran hatukuwahi kulisema jambo hilo kwa sauti, nami nalisema hapa.

Ndani ya jalada mojawapo, katikati ya barua, nikakuta karatasi ya aina nyingine. Imeandikwa: hapa palikuwa na hati, aina yake, ya tarehe fulani, kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani, imeondolewa kwa sababu ya siri, na herufi inayoonyesha ni sababu ipi. Nikaisoma mara tatu. Sisi tulikuwa na masijala ya siri, lakini jalada likihamishiwa huko, kule lilikotoka mara nyingi hapabaki kitu. Baada ya miaka mitano hakuna anayejua kwamba palikuwa na kitu. Hapa hata kilichofichwa kimeandikiwa kwamba kimefichwa, na unaweza kuandika barua kuomba kifunguliwe, na wao lazima wajibu. Nilimwona mama yangu kwenye dirisha la karani. Angepewa karatasi moja tu kama ile, yenye jina la baba na tarehe ya jalada kuondoka, angerudi nyumbani akiwa mtu.

Butiama nilikwenda mara moja, nikaona kaburi la Mwalimu na vitabu vyake, nikalia kama wengine. Ila siku ile pale Atlanta nilitamani kitu kingine: nimsome upande wetu wa meza. Karani wetu aliyesafiri naye aliandika nini usiku ule? Mwalimu aliweka alama gani pembeni mwa karatasi? Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inaruhusu majalada ya serikali kusomwa baada ya miaka 30, na 1977 imeshapita muda huo. Nikirudi, nitakwenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, nijaze fomu kama mwananchi mwingine.

Nilidhani nimemaliza. Jumapili baada ya misa nikawa nawasimulia kina mama wa Clarkston, ambako kuna Wacongo wengi waliokuja kama wakimbizi. Mama mmoja wa Katanga, mtu mzima kuliko mimi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada yangu, huyo Carter wako ndiye aliyempa Mobutu ndege." Mama huyo alikuwa Kolwezi, huko Katanga, Mei 1978, Mobutu akiwa rais wa Zaire, ndiyo Congo ya leo. Waasi waliokuwa na kambi Angola waliingia wakauteka mji, watu wakauawa, weusi na wazungu. Kisha askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka, na Wabelgiji, na ndege za kijeshi za Marekani zikasaidia kubeba. Wazungu waliokolewa, na Mobutu naye akaokoka, akatawala miaka 19 mingine. Kaka yake alichukuliwa na askari wa Mobutu wiki zilizofuata. Hakurudi, na hakuna karatasi.

Sikuwa na neno la kumjibu, na sikutaka kumtetea mtu mbele ya msiba wake. Nilimuuliza kama anajua kusoma Kiingereza. Akasema kidogo, Kifaransa vizuri. Jumatatu mwanangu aliandika barua pepe nyingine, tukaomba majalada ya Zaire, Mei hadi Julai 1978. Kijana mhifadhi amejibu kwamba maboksi yametengwa, yana jina langu juu yake, na kwamba baadhi ya hati zimeondolewa lakini karatasi za kuonyesha zilipokuwa zimo.

Tunakwenda Jumanne, sisi wawili. Nimemwambia achukue miwani na kitambulisho, aache kalamu nyumbani. Penseli ninazo mbili.